Shangazi Ghaniya na Finjani ya Ami Nasor

Hadi leo nikisikia finjani zikigongana kwenye sinia, hukumbuka siku Shangazi Ghaniya alipotutia aibu mbele ya wageni. Au hivyo ndivyo nilivyoona mimi, mtoto wa miaka tisa niliyeshika dele la kahawa.

Shangazi, dada yake baba, aliolewa Kanada, akasomea uuguzi, mwisho akachaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria la jimbo lake. Kura alizitafuta mlango kwa mlango, kwenye baridi ya kugandisha pua. Sisi huku Maskati hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba tuna mkubwa wetu serikalini. Msinicheke, lakini shuleni nilikwisha kuwatangazia wenzangu kwamba theluji ya huko haianguki bila ya idhini yake.

Basi alipokuja likizo, nyumba yetu ya Mabela ilijaa jamaa na bahasha zao za picha za pasipoti. Ami Nasor, binamu yake baba, alitaka mwanawe Khalfan apatiwe viza. Nikammiminia kahawa. Akaipokea, akaiweka chini bila ya kuionja. Sote tulielewa. Mgeni mwenye haja hufanya hivyo, na mwenyeji hana budi kumwambia anywe, haja yake imekubaliwa.

"Sinywi, Ghaniya, mpaka unambie umekubali."

Baba akamkazia macho dada yake. Bibi, mama yao, alikwisha kutabasamu.

"Kaka Nasor, viza zinatoka serikali kuu. Miye nimo baraza la jimbo tu. Nikikwambia nimekubali, ntakuwa nnakudanganya."

Ami Nasor akainuka, akatoka. Ile kahawa niliimwaga mwenyewe jikoni, kwa hasira. Neno moja tu, lingemgharimu nini?

Kesho yake Shangazi akanishika mkono, tukaenda kwa miguu mpaka kwa Ami Nasor. Akabisha hodi. Akabisha tena na tena, hana haya hata kidogo, mpaka Khalfan akafungua. Wakaketi chini kwenye majlisi, chumba cha wageni, wakijaza fomu za maombi, karatasi moja baada ya nyingine, hadi adhana ya alasiri. Akarudi siku ya pili, na ya tatu. Viza Khalfan hakupata, na Ami Nasor hakuja kumuaga Shangazi alipoondoka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, wapiga kura wake walimuuliza kama hospitali yao ndogo itabaki wazi. Wapinzani wake waliahidi itabaki. Yeye aliwaambia wauguzi hawatoshi, na hawezi kuwaahidi. Wakamwangusha. Alitupigia simu, akauliza kwanza habari za goti la Bibi, ndipo akatupa habari zake. Aliyelia ni mimi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nikaona haya. Kumbe sisi jamaa zake ndio tuliokuwa wa kwanza kumnyima kura.