Insha Yangu Kuhusu Taarifa ya Habari

Harufu ya televisheni yetu naijua hadi leo: vumbi lililopata joto, likichanganyika na ile rangi nyekundu ya sakafu ambayo mama alikuwa akiipaka kila Jumamosi akiwa amepiga magoti. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ilikaa ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na juu yake mama alikuwa ametandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Katika safu yetu ya nyumba za kiwanda, huku Eastlands, mashariki mwa jiji, hakukuwa na televisheni nyingine. Jioni ikifika majirani walivua viatu mlangoni, watoto wakakaa chini, wakubwa wakabanana kwenye viti, nami nikatumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena huku nikiuliza kama picha imetulia. Ikitulia nilirudi ndani mbio, kwa sababu sikutaka kumkosa baba.

Baba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kazini alikuwa mpole, kanisani mpole zaidi, lakini mbele ya taarifa ya habari alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa akimjibu msomaji wa habari. Akiambiwa mheshimiwa fulani amefungua kisima, baba husema, "Kisima gani tena? Hicho si kilifunguliwa mwaka jana?" Kwaya ikiimba sifa za wakubwa, anauliza hao wamelipwa nini, soda ama mchele. Watu wanacheka hadi wanapangusa machozi. Hata mieleka hakuiamini. Alisema yule anayeanguka amekwisha kulipwa ili aanguke. Mama naye alimshuku yule mwigizaji wa mchezo wa kigeni aliyekuwa akilia kila wiki, akisema yale ni machozi ya kitunguu. Nililelewa hivyo, na sioni aibu kusema kwamba hadi leo siamini kitu chochote kinachotoka kwenye kioo.

Ilikuwa miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, na watu walikuwa wanaogopana. Tulisikia huyu amechukuliwa kwa neno alilosema hotelini akinywa chai, yule ameachishwa kazi kwa kucheka mahali pasipofaa. Nyumba yetu ilikuwa mali ya kiwanda, kwa hiyo kazi ya baba ikienda, nyumba nayo imeenda. Mama alimkumbusha hayo karibu kila jioni, akimwita kwa jina langu. "Baba Nafula, punguza mdomo. Sisi na hawa watoto tutalala wapi?" Baba anamjibu kwamba hapa ni kwake, na wote waliomo ni watu wake.

Halafu akaja Bwana Laban. Jirani yetu Mama Rispa alikuwa amempangisha chumba chake cha nyuma. Suruali zake zilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za matope, alisoma gazeti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila asubuhi aliondoka na bahasha kwapani bila mtu kujua anakokwenda. Alipokuja kutazama televisheni alikaa karibu na mlango. Hakucheka na wengine. Baba akimaliza kumjibu msomaji, Bwana Laban anageuka kwa adabu na kuuliza, "Na wewe mzee, haya mambo ya vyama vingi unayaonaje?" Jamani, nani anauliza hivyo? Safu nzima ikakata kauli kwamba huyo ni kachero.

Tangu hapo, akiingia tu, siasa zilikoma. Msomaji anasoma mambo ya Bunge, na sebuleni kwetu watu wazima wanagombana kuhusu ndoa ya yule mwigizaji kana kwamba wote walialikwa harusini. Nami nilipewa kazi ya kumchunga. Nilimchunga kweli, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwahi kupewa kazi muhimu namna hiyo. Siku moja nilimwona uani akiandika kwenye gazeti lake kwa kalamu, nikakimbia kumwambia mama. Jioni ile mama alimzuia mlangoni, akamwambia televisheni imeharibika, na huku nyuma yake ngoma za kuanzisha taarifa ya habari zinasikika waziwazi. Bwana Laban alitazama miguu yake, akasema, "Haya mama, poleni," akavaa viatu vyake akaenda. Nilifurahi sana.

Mwezi huohuo mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha kuhusu kipindi tunachokipenda. Wenzangu waliandika vibonzo na mieleka. Mimi niliandika kwamba napenda taarifa ya habari, kwa sababu baba yangu humjibu msomaji, nikaeleza majibu yake moja baada ya jingine. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba insha nzuri ni ile ya kweli, nami sikuona uhusiano wowote kati ya kazi ya shule na umbea ambao mama alitukataza kuutoa nje ya nyumba. Ikawa ya kwanza darasani. Siku ya wazazi ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya walimu, jina langu kamili likiwa juu kwa wino mwekundu, na wazazi wa watu walisimama kuisoma. Wangu hawakufika; baba alikuwa kazini, mama alikuwa sokoni. Sikuwaambia kitu. Nilitaka wafurahi ghafla, nitakapoleta zawadi mwisho wa muhula.

Wiki iliyofuata baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Nilikuwa na homa, sikuwa nimeenda shule. Aliketi bila kuvua koti, akamwambia mama kwamba ameachishwa kazi, tuna siku tatu za kutoa vitu. "Wanajua yote," akasema. "Hata ile ya soda na mchele wameniambia." Niliweka kikombe changu cha uji chini. Soda na mchele ilikuwa kwenye aya ya pili ya insha yangu.

Jioni wanaume wa safu yetu waliingia kwa Mama Rispa, wakatoa vitu vya Bwana Laban na kuvitupa nje: godoro, sanduku la mabati, na magazeti yake yaliyotawanyika hadi kwenye mtaro. Wanawake walimzomea. Yeye aliomba tu apewe nafasi akunje nguo zake. Gazeti moja lilifika miguuni kwangu, nikaona kalamu yake ilikuwa ikifanya nini. Alikuwa akizungushia duara matangazo ya kazi. Mtu alikuwa anatafuta kazi, basi. Nilitazama wakubwa wote wakimfukuza, nikanyamaza.

Tulihamia chumba kimoja katika mtaa wa Kayole. Televisheni iliuzwa kwanza. Baba akawa anasimama kwenye malango ya viwanda kutafuta kibarua cha siku, na sikumsikia tena akimjibu msomaji yeyote.

Siku hizi binti yangu anasimama mbele ya simu yake na kuwachambua mawaziri, wanamuziki na watangazaji kwa majina, na watu asiowajua wanampigia makofi. Mimi nina shaka na makofi hayo. Nina shaka pia na wanasiasa wanaotukanana studioni kisha wanakula meza moja, na wasanii wanaomwimbia yeyote mwenye pesa. Soda imekuwa gari, mambo ni yaleyale. Binti yangu husema mimi ni mwoga. Anasema kweli, ila hajui ninaogopa nini.

Krismasi iliyopita alimuuliza babu yake kwa nini hukaa kimya habari zikisomwa. Baba, mzee wa zaidi ya miaka themanini sasa, alimsimulia habari za jirani mmoja aliyeitwa Laban, aliyekunywa chai yetu kisha akatuuza. Aliyasema bila hasira, kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Tulikuwa watatu tu sebuleni. Binti yangu akanigeukia, akauliza kama nilimjua mtu huyo. Nikamwambia ndiyo, nilimjua, na babu anasema kweli.