Kilemba cha Fremu na Ada ya Jiolojia

Wiki ile Sitara hakutulia. Alikuwa anakaa dukani, anasimama, anatoka mpaka barabarani, anarudi. Jumatatu alimfungia mteja wa Morogoro ndoo badala ya mabeseni. Jumanne akamrudishia mwingine chenji mara mbili. Wenye fremu za jirani wakaanza kumuuliza kama anaumwa.

Haumwi. Alikuwa na milioni kumi na mbili, alizozikusanya kwa miaka tisa akiuza vyombo vya plastiki kwa jumla hapo Kariakoo, na hela hiyo ilikuwa inavutwa huku na huku. Upande mmoja Hashil, mzee mwenye duka la mapazia, fremu ya pili kutoka yake, aliyekuwa anafunga duka akapumzike kwa wanawe Tanga.

"Mama Nasreen, mwingine ningemtoza kilemba cha milioni ishirini ndipo nimwachie fremu," alisema. "Wewe nipe kumi na mbili, nikuachie chumba. Lakini Ijumaa mwisho."

Upande wa pili Nasreen, bintiye wa pekee, aliyepata nafasi ya kusoma jiolojia Dodoma, miaka minne. Mkopo wa serikali ulikuja nusu tu. Ada iliyobaki, chumba, chakula, safari za mafunzo porini: Sitara alibonyeza kikokotoo mara tatu, na kila mara akiba yote ikaisha.

"Mawe!" alimwambia bintiye. "Mwenzio Husna kasomea unesi, yuko kazini. Haya, niambie, hayo mawe yatakulipa nini?"

Nasreen alinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtesa.

Jumatano fundi pampu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimwambia kuna mjiolojia anasimamia uchimbaji wa kisima Magomeni. Sitara akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akapanda bodaboda.

Mjiolojia aliitwa Melkiori, kijana wa miaka thelathini na kitu, buti zimejaa tope. Mbele yake lilitandazwa turubai lenye vichuguu vidogo vya udongo, kila mita iliyochimbwa na kichuguu chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Binti yangu anataka kusomea kazi yako. Nieleze ukweli, usinipambie."

Melkiori alifuta mikono kwenye suruali. "Nilimaliza chuo nikakaa miaka miwili bila kazi, nauza kava za simu. Nikapata mgodini Chunya, milioni moja na laki nne kwa mwezi. Mkataba miezi minane, ukaisha. Nikakaa tena. Sasa natafutia watu maji. Mwezi huu nimepata kazi tatu, mwezi uliopita hata moja."

"Si bora ungebaki na kava zako?"

"Kuna miezi kava zilinilipa kuliko hii," alisema, wala hakucheka.

Basi, Sitara akajisemea, jibu limepatikana. Akatoa simu ampigie Hashil. Kabla hajaipata namba, mlio wa mtambo ukabadilika, ukawa mzito. Melkiori akainua mkono: simamisheni. Akachukua donge la udongo lililotoka sasa hivi, akatia kidogo mdomoni, akalisaga kwa meno ya mbele.

"Unakula udongo?" Sitara alishtuka.

"Nasikia kama una mchanga. Hauna. Huu ni udongo wa mfinyanzi mtupu." Akatema, akamgeukia mwenye mtambo. "Tunaishia hapa. Maji matamu tumeshayapata huko juu, chini ya hapa ni ya chumvi."

Mwenye mtambo alikuwa analipwa kwa mita, akapandisha sauti. Mwenye nyumba aliyekuwa anachimbiwa kisima naye akataka kuendelea, maji yawe mengi. Walimzonga wote wawili, mmoja akimwambia hatapewa kazi tena mtaani hapo. Melkiori alisimama palepale, akawaonyesha vichuguu kimoja kimoja, mpaka mwenye nyumba akasema haya, funga.

Sitara alirudi dukani bila kupiga ile simu. Hakuweza kusema ni nini hasa kilichomgeuza, na hilo lilimuudhi. Jioni alimuuliza Nasreen kama anajua kwamba anaweza kukaa miaka miwili bila kazi.

"Najua, mama. Niliongea na wanne waliomaliza. Wawili hawana kazi. Ndiyo maana nilishindwa kukujibu."

"Na bado unataka?"

"Bado nataka."

Akalipa ada.

Fremu ya Hashil aliichukua Severine, mama wa Mbeya, akajaza mabeseni yaleyale na kuyauza kwa bei ya chini. Sitara alishusha bei, wateja wakapungua hivyohivyo. Iko miezi aliyojilaumu waziwazi, mbele ya watu.

Sasa Nasreen yuko mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alipiga simu kutoka milima ya Mpwapwa, mchana, duka limejaa.

"Wanakulipa huko?" Sitara alipaza sauti, mikokoteni inapita.

"Hela ya kula tu, mama. Lakini leo nimechora ramani ya mlima mzima, msimamizi kasahihisha mstari mmoja tu!"

Mteja alikuwa anauliza bei ya jaba la kuhifadhia maji. Sitara akamwashiria asubiri, akatoka nje, akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Mstari gani?" aliuliza. "Nieleze."