Gunia la Sita

Alhamisi iliyopita, nikitoka kuzuru kaburi la mume wangu, niliona pale Mkiwa magunia ya vitunguu kando ya barabara. Kila moja lilikuwa limeongezewa kichwa kilichosukwa kwa kamba. Niliyatazama, nikamkumbuka Mama.

Nilikuwa na miaka minane mchana ule mnunuzi alipofika kwetu Ihanja. Ua lote lilinuka maganda makavu ya vitunguu. Mama alikuwa na magunia sita: matano yangetununulia chakula, na la sita lingeniandikisha shule.

"Mama, haya bado," mnunuzi alisema.

"Yamejaa, baba. Yamefika shingoni."

"Huko sokoni shingo hainunuliwi. Wanataka lumbesa, gunia lenye kichwa."

Nilidhani gunia refu ni heshima ya mwenye shamba. Sikujua kwamba bei ni ileile, liwe na kichwa au lisiwe nacho. Basi nikalifungua gunia la sita, nikabeba vitunguu kwa pindo la gauni, nikimpelekea mnunuzi naye akiviongeza juu ya yale matano na kusuka kamba.

"Binti yako ni mchapakazi," alimwambia Mama akicheka.

Mama hakunizuia. Gari lilipoondoka, alilikung'uta lile gunia tupu akalikunja. Nikamwuliza kama magunia yetu yalikuwa marefu kuliko ya jirani.

"Ndiyo, mwanangu. Yalikuwa marefu kuliko yote."

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alifariki bila mimi kumwambia kwamba nilikuja kuelewa.