Darubini Ukingoni mwa Ufipa

Miaka ile ya mwanzo ya soko huria nilikuwa mwalimu Sumbawanga. Jumamosi moja nilitoka mtaani kwangu Mazwi alfajiri, peke yangu, darubini shingoni, nikatembea kwenda kwenye genge ambapo nyanda za Ufipa zinakatika na bonde la Rukwa linaonekana lote chini.

Nilipopita kijiji cha mwisho nikagundua nafuatwa. Mwanamume mmoja mwenye jembe begani alikuwa nyuma yangu. Nikisimama kutazama pimbi juu ya mawe, naye anasimama. Nikienda, anakuja. Nikaificha darubini ndani ya shati. Nilikuwa na hakika ndiyo anayoitaka, na hasira ikanipanda, maana nilikuja kupumzika, si kuviziana na mtu.

Gengeni kundi la nyani lilikuwa linaota jua. Sikuvumilia, nikaitoa darubini. Yule bwana akaja mpaka pembeni yangu.

"Habari za kazi, bosi," alisema. "Unapima nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba sipimi kitu, natazama nyani. Nikampa darubini ajionee mwenyewe. Nyani hakuwatazama hata kidogo. Aliielekeza nyuma tulikotoka, kwenye shamba la ulezi, akalikagua taratibu kutoka pembe hadi pembe, kisha akanirudishia.

"Yule wa mwaka jana naye alisema anatazama nyani," alisema. "Sasa kuna bikoni ya zege ya wapima ardhi katikati ya ulezi wangu."