Meneja amenijibu "Marahaba"

Leo nimejibiwa barua pepe kwa neno moja tu: "Marahaba."

Natafuta nafasi ya kujifunza kazi idara ya fedha. Kuna mama mmoja, meneja wa fedha kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, nimemwandikia weee, kimya. Kila barua nilianza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Asubuhi nikachoka. Nikaandika kama ninavyomsalimia mamkubwa kule Igoma: "Shikamoo mama. Ni mimi tena, yule wa nafasi ya mafunzo."

Ndiyo akajibu hilo neno. Nikabaki naliangalia. Marahaba unaijibuje?

Mara ikaingia ya pili: "Zile nyingine nilizipita tu, mwanangu. Shikamoo nitaipitaje? Njoo Jumatatu."

Wewe ambaye hujajibiwa, hebu kaangalie ulianzaje.