Sugu ya Kidole Gumba

Mwezi uliopita, stendi ya Mpanda, mwanamke aliyeketi kando yangu alifungua ndoo ya masega ya asali. Harufu ya nta ikanipanda puani, nikasahau basi nililokuwa nalisubiri. Nilikuwa nimerudi uani kwetu Isevya, Tabora, miaka ile ya Ujamaa, namtazama Kaka Evaristo, mpangaji wetu, akiyeyusha nta katika kopo la samli ili azibe palipovuja kwenye saksafoni yake.

Alitoka mbali. Alivuka ziwa kwa boti hadi Kigoma, akapanda treni, na nauli yake ilipoishia Usoke akateremka, akaifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, saksafoni imeviringishwa mkekani, iko begani. Alitembea siku mbili. Alipobisha hodi kwetu kuomba chumba cha uani alikuwa na vumbi hadi magotini, lakini hakuuliza maji ya kuoga. Aliuliza kama mjini kuna muziki wa dansi.

Ulikuwapo, na haukupita mwezi akawa anapuliza katika bendi iliyopiga Jumapili mchana. Sisi watoto tulichungulia dirishani. Zamu yake ilipofika alianza polepole, kama mtu anayeamkia wakwe, kisha akaingia mzimamzima, na wapiga magitaa wakapunguza sauti wamsikilize. Saksafoni yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia na hataki ujue. Mama, mwanakwaya wa Kimoravian asiyekanyaga dansini, aliunguza maharage mara mbili akimsikiliza anavyojifua uani. Lawama zote alizitupia mkaa.

Baba hakuvutiwa. Chombo kile alikiita tarumbeta, na hakuna aliyeweza kumsahihisha.

"Tangu asubuhi sauti moja tu," alinung'unika. "Ataimaliza lini?"

"Hii ndiyo ngumu, Mzee," Evaristo alijibu. "Nyingine zote zinaifuata hii."

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku zile kila mtu alitakiwa awe na kazi inayoonekana. Waliokaa mjini bila kazi waliandikwa majina, wakapakiwa kwenye lori, wakapelekwa kijijini kulima. Kwa nyumba zetu kumi, aliyeandika majina hayo alikuwa Baba.

Sisi watoto tuliligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Tulisimama mlangoni kwa Evaristo tukaimba, "Mzururaji, mzururaji! Jembe lako liko wapi?" Naye aliudaka wimbo wetu, akaupuliza ukawa mtamu kuliko tulivyouimba, tukaishia kucheza.

Asubuhi moja katibu wa tawi alikuwa akipita njiani, akasikia.

"Nani huyo mzururaji?" aliuliza.

Nilikuwa na miaka minane na nilipenda sana kusifiwa na wakubwa. Nikanyoosha kidole. "Shikamoo. Ni yule pale."

"Marahaba. Mtoto hodari!" Akaingia uani. "Balozi, huyu mbona hayumo kwenye orodha yako?"

"Ni mpangaji wangu," Baba alisema.

"Kazi yake?"

"Anapuliza tarumbeta."

"Hiyo starehe. Nauliza kazi." Akamgeukia Evaristo. "Lete mikono."

Ndivyo walivyopima watu. Mkono usio na sugu ulikuwa mkono wa mzururaji. Evaristo alifunua viganja vyake, laini kama unga.

"Loo, viganja vya bibi harusi!" Katibu alicheka. "Andika jina, Balozi. Lori linaondoka kesho."

Baba alitoa kalamu. Hapo ndipo nilipoelewa kidole changu kilikuwa kimefanya nini.

Evaristo hakubisha. Alikigeuza tu kidole gumba cha kulia, pale ambapo uzito wote wa saksafoni huegemea. "Na hii, Mzee?"

Ilikuwa sugu ngumu, ya manjano, mfano wa punje ya hindi. Baba alikishika kile kidole, akakibonyeza kwa muda mrefu. Babu yake alikuwa mpagazi, ameipiga njia ya pwani mara tatu na mizigo ya watu, na sisi tulikuwa tumechoka kusimuliwa jinsi Baba, alipokuwa mtoto, alivyokuwa akiichezea sugu ya bega la babu huyo.

"Babu yangu alikuwa nayo begani," alisema.

"Balozi, wale walibeba mizigo."

"Na huyu amebeba. Nimemwona akiingia nao hapa kwa miguu."

Akainama, akaandika huku akitamka neno kwa neno: "Evaristo. Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Njoo Jumapili mchana, umuulize mwenyewe."

Katibu alikuja. Alicheza hadi kofia ikamdondoka.

Evaristo alikaa kwetu miaka miwili zaidi. Tulianza kumsikia redioni, na Mama alikuwa akipandisha sauti eti anasubiri taarifa ya habari. Kisha bendi moja ya Dar es Salaam ikamwita. Asubuhi ya kuondoka nusu ya Isevya ilimsindikiza, na Baba akaibeba saksafoni begani mwenyewe mpaka stesheni. Vijana walipotaka kumpokea, aliwafukuza.

Treni ilipotikisika, Evaristo alitoa kichwa dirishani akanitafuta. "Wewe mzururaji!" aliniita. "Jembe lako liko wapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Treni ikaelekea Tura, njia ya Dar es Salaam, na Evaristo hakurudi tena.

Miaka ilipita kabla sijang'amua kwamba siku ile ya katibu mlango wa Evaristo ulikuwa wazi, na aliniona nikinyoosha kidole. Miaka miwili alinipigia kila wimbo niliomwomba, na hakunikumbusha hata mara moja.

Tangu hapo nimeishi miji saba na kazi nimezibadilisha kama mashati. Pale stendi ya Mpanda, huku ndoo ya asali ikifunikwa, nilikipapasa kidole gumba changu. Ni laini bado.