Mama Kahambu Alibaki Kwenye Benchi

Mama Kahambu ni mtu wa Butembo, lakini amezeekea Pinga, katika butiki yake ya chumvi na sabuni. Ana desturi moja ambayo sisi wengine hatuna: akimkasirikia mtu, hapokei komunyo mpaka wapatane. Sisi tunapokea, halafu tunaendelea kukasirika.

Mwaka huu alimkasirikia Sylvain, mkulima wa maharage aliyetoka vilima vya Masisi, mgombea urais wa komite ya soko. Sylvain alimtania mbele ya wateja: "Nyinyi watu wa Butembo, hata rozari ya Bikira mutauzisha, bora muteja apatikane!" Watu walicheka. Mimi pia.

Mpinzani wa Sylvain alikuwa Nzanzu, rais aliyekuwepo, mtu wa kwao Mama Kahambu. Nzanzu aliahidi zamani mlango wa choo cha soko. Mpaka leo wanawake wanaenda wawili wawili, mmoja akishika kitenge. Sylvain, bila kuombwa, alifukua mtaro wa soko kwa jembe lake mwenyewe. Mama Kahambu aliyajua hayo yote. Lakini kila alipomfikiria Sylvain, alisikia kile kicheko.

Basi Jumapili alibaki kwenye benchi. Wimbo wa komunyo haujaisha, kanisa zima lilishaelewa: Mama Kahambu anajua uovu wa Sylvain. Kufika Jumatano, midomoni mwa watu Sylvain alikuwa mwizi mwenye bibi wa pili huko kijijini Kibua.

"Miye sikusema kitu!" Mama Kahambu alimlalamikia Mama Dorothée, kiongozi wa shirika lao la sala.

"Kunyamaza njo ubaya wenyewe. Ungesema, wangekubishia. Enda umusamehe."

"Hajaomba musamaha!"

"Yesu alingojea waombe?"

Mama Kahambu akaondoka, sasa amewakasirikia watu wawili.

Alimkuta Sylvain mtoni akiosha pikipiki. "Papa Sylvain, nimekusamehe."

"Nilikosa nini?"

"Rozari."

"Aa, ile! Ilikuwa muchezo tu. Mama, hujuwe kucheka?"

Mama Kahambu akavuta pumzi. "Nimekusamehe ile ya zamani. Hii ya leo, niache kwanza nisali."

"Na kura?"

"Kura iko kintu ingine. Nikikuchagua, ni juu ya mutaro."

Alisali mpaka akawasamehe wote wawili. Jumapili alipanga mstari, akapokea. Kabla ya baraka ya mwisho, habari mpya ilishaenea: Sylvain amemhonga.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi iliyofuata, kila mtu akisimama nyuma ya mgombea wake, hadharani. Mama Kahambu akaenda kusimama nyuma ya Sylvain.

"Mama, alikupatia nini?" wakapiga kelele watu wa kwao.

Mstari wa Nzanzu ulipita butiki ya Mama Kahambu, ukazunguka kona, ukaishia mbele ya choo kisicho na mlango.

Sylvain, ameshindwa vibaya, akageuka akamwona. "Kumbe Mama Kahambu! Leo rozari imekosa muteja?"

"Papa Sylvain, nyamaza," akasema, macho kayafumba. "Nakuomba. Kesho kuko misa."